Mbolea ya Maji au Mbolea ya Mfuko? Majibu kwa Kamati za Sharika na kwa Marafiki Zetu



Katika miezi iliyopita ofisi yetu imepokea simu na barua nyingi zenye swali moja, ingawa limeulizwa kwa namna mbili. Kamati za miradi za sharika zinauliza kama ziache kununua mbolea ya mfuko, yaani DAP, Urea na CAN, na badala yake zitumie mbolea ya maji inayouzwa kwenye chupa na madumu, ambayo wengi wetu tunaiita busta. Na marafiki zetu wa ng'ambo, hasa wale ambao wenyewe ni wakulima huko Marekani na Ujerumani, wanauliza kwa nini shamba la Dayosisi bado linatumia mbolea kavu wakati wao walikwisha kuhamia ya maji miaka mingi iliyopita. Usharika mmoja rafiki umekwenda mbali zaidi: umeahidi kutuchangia tangi kubwa na mashine ya kunyunyizia.

Tunashukuru kwa maswali yote mawili na tunapenda kuyajibu kwa pamoja na kwa uwazi. Tunasema kwa uwazi kwa sababu ofisi hii ilikwisha kufanya kosa katika jambo hili, na gharama yake walilipa watoto wa chekechea.

Yaliyotupata msimu wa 2022/23

Wasomaji wanakumbuka jinsi bei ya mbolea ilivyopanda mwaka 2021 na 2022. Mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ulipita shilingi 100,000, na kamati nyingi zilizokuwa zimepanga bajeti kwa bei ya zamani zilikwama. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku mjini Mbeya, na bei ya Urea na DAP kwa mkulima aliyeandikishwa ikashuka hadi shilingi 70,000. Lakini ili kupata bei hiyo ilibidi mkulima awe ameandikishwa. Usharika wetu mmoja, wenye shamba la mahindi la ekari 5 ambalo mavuno yake hugharimia uji wa watoto wa chekechea, ulichelewa kuandikisha shamba hilo. Msimu ulipofika wakawa na fedha za mfuko mmoja wa kupandia kwa kila ekari, na fedha za mbolea ya kukuzia hawakuwa nazo.

Ndipo akaja mchuuzi na maboksi ya chupa. Alieleza kwamba chupa moja ya lita moja inatosha ekari moja na ina kazi sawa na mfuko mzima wa kukuzia, tena haiharibu udongo kama "mbolea za chumvichumvi". Mweka hazina wa kamati, mama mwangalifu sana wa fedha za kanisa, alitupigia simu kuuliza kama wanaruhusiwa kubadilisha matumizi. Sisi tuliangalia bei tu. Tukaona akiba kubwa, tukakubali kwa barua. Hatukuuliza kilichoandikwa kwenye lebo.

Mahindi yalipandwa vizuri kwa DAP, yakaota, yakapendeza hadi yakapita magoti. Baada ya hapo majani ya chini yakaanza kugeuka njano kuanzia kwenye ncha, rangi ikishuka kwa kufuata mshipa wa katikati kama alama ya V. Wakapulizia chupa mara mbili zaidi. Kwa siku chache majani ya juu yalionekana kung'aa, halafu njano ikaendelea kupanda. Wakati wa kuvuna, magunia hayakufika nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Uji uliendelea hadi mwezi wa nane, kisha ukasimama, na mahudhurio ya watoto yakapungua mara moja. Hatumlaumu mweka hazina. Yeye aliuliza, na sisi ndio tuliojibu bila kufanya hesabu.

Mmea unakula nini

Ni vizuri kwanza kuondoa dhana moja. Mizizi hainywi mbolea kavu. Punje ya Urea au DAP ikiingia kwenye udongo wenye unyevu huyeyuka, na mmea hufyonza virutubisho vikiwa ndani ya maji ya udongo. Kwa hiyo kwa upande wa mzizi mbolea zote ni za maji. Tofauti iko mahali inapoyeyushwa: katika mbolea ya mfuko kazi hiyo inafanywa na mvua shambani, na katika mbolea ya maji imefanywa kiwandani, nawe unauziwa pamoja na maji yake.

Kutokana na hilo, habari ya "chumvichumvi" nayo inajibika. Kwa lugha ya kemia, virutubisho vingi vilivyomo ndani ya chupa ni chumvi zilezile, na vingi vimetengenezwa kwa nitrojeni ya viwandani ileile. Ni kweli kwamba mbolea zenye amonia, ikiwemo Urea na DAP, huongeza uchachu wa udongo zinapotumika miaka mingi bila chokaa wala samadi, na katika nyanda zetu za juu kusini tumeliona jambo hili katika mashamba mengi. Lakini kilo moja ya nitrojeni ya aina hiyo huleta uchachu uleule ikitoka kwenye chupa au kwenye mfuko. Chupa inaonekana haina madhara kwa sababu ndani yake hamna nyingi.

Hesabu ambayo tulipaswa kuifanya

Tunaomba kamati zisome sehemu hii na kalamu mkononi.

Mfuko wa Urea huandikwa 46. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 kuna kilo 46 za nitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Mfuko wa CAN una takriban kilo 13. Mfuko wa DAP, ulioandikwa 18-46-0, una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Namba tatu za kwenye mfuko hufuata mpangilio huo siku zote: nitrojeni, fosfeti, potasi.

Sasa chukua chupa. Tuseme ni chupa nzuri kweli, yenye nitrojeni asilimia 20. Katika lita moja utapata gramu 200 hivi, labda zaidi kidogo. Ili kupata kilo 23 za mfuko mmoja wa Urea unahitaji chupa kama 115. Na chupa nyingi tulizoziona madukani zina asilimia ndogo kuliko hiyo.

Upande wa pili tuangalie mahindi yenyewe. Tani moja ya punje za mahindi inapotoka shambani huondoka na nitrojeni kiasi cha kilo 15. Ekari iliyotoa magunia 20 ya kilo 100 imeondokewa na kilo 30 hivi, bila kuhesabu iliyobaki kwenye mabua. Udongo wenyewe unatoa sehemu yake, hasa ukiwa na samadi au ukiwa umetanguliwa na maharage, lakini hakuna udongo wetu unaoweza kuziba pengo hilo kila mwaka kwa msaada wa gramu 200.

Mzee wa kanisa mmoja alituuliza katika semina: "Mratibu, si majani yanafyonza haraka kuliko mizizi? Kwa hiyo kidogo kinatosha." Ni swali zuri. Ni kweli kwamba jani hufyonza haraka. Lakini jani lina ngozi yenye nta, na ukilipa chumvi nyingi kwa mara moja linaungua. Kwa Urea iliyoyeyushwa, mchanganyiko wa asilimia 2 ni mkali wa kutosha kwa mahindi, na kwa mboga ni hatari. Ekari moja ya mahindi makubwa hutumia maji lita 200 hivi kwa kupulizia vizuri. Asilimia 2 ya lita 200 ni kilo 4 za Urea, ambazo zina nitrojeni isiyofika kilo 2. Kwa bomba la mgongo la lita 16 utajaza mara 12 au 13 kwa ekari. Ili kufikisha mfuko mmoja kwa kupitia majani inabidi kupulizia ekari hiyo mara 12 au zaidi, yaani mabomba zaidi ya 150 mgongoni. Hata vijana wetu wa kwaya, wenye nguvu, hawatakubali.

Kwa nini wenzetu wanaitumia

Marafiki wetu wakisoma hayo watasema: mbona sisi tunapata mavuno makubwa kwa mbolea ya maji? Hapa ni muhimu kuelewa kwamba jina ni moja lakini vitu ni viwili.

Mbolea ya maji inayotumika katika mashamba ya mahindi ya Marekani na ya ngano huko Ujerumani si busta ya chupa. Iliyo maarufu zaidi ni mchanganyiko wa Urea na amonia naitreti ulioyeyushwa kwenye maji, wenye nitrojeni asilimia 28 hadi 32. Haipimwi kwa kizibo wala kwa chupa. Inaletwa kwa malori ya matangi, inahifadhiwa kwenye matangi makubwa shambani, na inawekwa kwa mashine yenye mikono mirefu inayopita juu ya mazao au kuingiza mbolea ndani ya udongo kando ya mstari. Wanaweka kilo zilezile za nitrojeni ambazo wangeweka kwa mbolea kavu.

Basi wanafaidika na nini? Kwanza ni kazi. Mkulima mwenye ekari 1,000 na msaidizi mmoja hawezi kubeba mifuko, lakini pampu inaweza kuhamisha tani kadhaa kwa dakika chache. Pili ni usawa: maji yanagawanyika sawasawa, wakati mchanganyiko wa punje za ukubwa tofauti hujitenga njiani. Tatu, wengine huchanganya na dawa ya magugu wakapita shambani mara moja badala ya mbili. Ni faida za kweli, na zote zinatoka kwenye mashine. Mahindi yenyewe hayatambui kwamba chakula chake kilikuja na lori la tangi.

Kwetu mizani inageuka. Tani moja ya mbolea ya maji ya asilimia 32 ina kilo 320 za nitrojeni, na tani moja ya Urea ina kilo 460. Tukiagiza ya maji tutakuwa tunalipia nauli ya maji kutoka bandarini Dar es Salaam hadi nyanda za juu, mahali ambapo Mungu ametujalia mito. Mbolea hiyo pia hula shaba na mabati, kwa hiyo vifaa vyote, hadi koki na viungo vya mipira, lazima viwe vya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Mashine ikiharibika wakati wa mvua, kipuri kitatoka nje ya nchi wakati mahindi yanapita magoti. Na shamba letu lina miteremko ambayo hata trekta la kawaida tunaliombea.

Lipo jambo moja zaidi ambalo wenzetu hawalioni kutoka mbali. Kazi ya kuweka mbolea shambani mwa Dayosisi na katika mashamba ya sharika ni kipato cha watu, hasa akina mama, katika miezi ya Desemba hadi Februari ambayo chakula ni haba. Hatusemi tukatae mashine milele. Lakini kabla ya kuokoa kazi ni lazima mtu ajiulize kazi hiyo inamlisha nani.

Mfuko nao una makosa yake

Tusije tukaeleweka kwamba tunatetea mfuko kwa kila hali. Sababu mojawapo iliyofanya watu wakimbilie chupa ni kwamba mbolea ya mfuko imewaangusha, na mara nyingi imewaangusha kwa jinsi ilivyowekwa.

Urea ikitupwa juu ya udongo wakati wa jua, sehemu ya nitrojeni yake hugeuka gesi na kupotea hewani. Anayeinusa harufu ile kali ananusa fedha zake. Inatakiwa iwekwe kando ya mmea, umbali wa sentimita 10 hivi, ifukiwe, na udongo uwe na unyevu. DAP nayo ikigusana na mbegu huiunguza. Kati yake na mbegu lazima pawe na udongo. Kipimo kinachofaa ni kisoda. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, na mfuko mmoja wa DAP unatoa gramu tano na nusu kwa shimo, ambayo ni takriban kisoda kimoja. Tumekuta mashamba ambayo watu walikuwa wakiweka kwa kurusha kiganja: shimo hili limezidi, lile halina kitu, na mwisho wa siku mfuko unalaumiwa.

Tena yapo mashamba ambayo hata mfuko ukiwekwa vizuri hausaidii. Wanakemia wawili wa Kijerumani wa karne ya 19, Carl Sprengel na baadaye Justus von Liebig aliyelieneza wazo hilo, walieleza kwamba mavuno yanazuiwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Hufananishwa na pipa la mbao ambalo ubao mmoja ni mfupi: hata ukimimina maji kiasi gani, yatamwagika pale pale. Katika udongo mchachu sana, ubao mfupi huwa ni uchachu wenyewe, kwa sababu hufunga fosforasi isifike kwenye mizizi. Hapo dawa ni chokaa. Chupa haitasaidia, na mfuko wa pili wa DAP hautasaidia.

Mahali ambapo mbolea ya maji ni msaada wa kweli

Baada ya kusema hayo yote, tunakiri kwamba yapo mambo ambayo mbolea ya maji inayafanya vizuri kuliko mfuko, na tungependa sharika ziyatumie.

La kwanza ni madini yanayohitajika kidogo sana. Mahindi yanahitaji zinki isiyofika hata nusu kilo kwa ekari nzima. Kiasi kidogo namna hiyo ni vigumu kukigawa kwa mkono, lakini kinagawanyika vizuri ndani ya maji. Dalili yake ni michirizi myeupe au ya njano kwenye majani machanga, upande wa shina. (Njano ya nitrojeni, kama tulivyosema, huanza majani ya chini tena kwenye ncha. Rangi ya zambarau ni upungufu wa fosforasi. Kingo za majani ya chini zikikauka kama zimeunguzwa, fikiria potasi.) Vivyo hivyo boroni kwa alizeti. Mahali ambapo upungufu umethibitika, kupulizia mara moja au mbili kunaweza kurudisha shamba, na chupa hapo inastahili bei yake. Kumbuka pipa: ukirefusha ubao wa zinki wakati ubao wa nitrojeni ndio mfupi, hupati hata debe moja la ziada.

La pili, na hapa ndipo tunapotaka kuweka nguvu, ni vinyungu. Wasomaji wa ng'ambo waelewe kwamba vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo watu wetu hulima wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki na kwa kumwagilia. Kikundi cha akina mama wa usharika mmoja kilifunga mipira ya matone katika robo ekari ya nyanya, tangi la plastiki likiwa juu ya kichanja. Mbolea inayoyeyuka kabisa inawekwa ndani ya tangi kidogo kidogo kila wiki, nayo inafika kwenye mzizi wa kila mche bila mtu kubeba ndoo. Kwa mpangilio huu mmea unapata chakula kadiri unavyokua, badala ya kupewa chote siku moja na mvua ikachukua sehemu. Hapa mbolea ya maji haishindani na mfuko, kwa sababu nyingi ya zile tunazotumia hununuliwa zikiwa kavu, kwenye mfuko, na sisi wenyewe tunaziyeyusha kwa maji ya mto. Yaani hatulipii nauli ya maji.

Akina mama hao walijifunza mambo mawili kwa taabu. Kalsiamu naitreti haichanganywi kwenye tangi moja na mbolea zenye fosfeti au salfeti, kwa maana hugandamana kama chokaa na kuziba matundu ya mipira. Walikaa siku mbili wakizibua kwa pini. Inawekwa siku yake peke yake. Na nyanya zikioza kitako, kuongeza kalsiamu si jibu la kwanza. Mara nyingi kalsiamu ipo, ila maji yamekuwa ya kubahatisha, leo mengi na kesho hamna.

La tatu ni mbolea ya maji ya nyumbani. Wenye biogesi wanalijua tope lake. Wengine hufunga samadi au majani ya alizeti pori ndani ya kiroba, wakakizamisha kwenye pipa la maji kwa wiki mbili, wakikoroga, kisha wakazimua kabla ya kumwagilia kwenye mashina. Haina nguvu ya kuendesha ekari 5 za mahindi, na hatutaki mtu aahidiwe hivyo, lakini kwa bustani ya mboga inasaidia sana na haina bei. Imwagiliwe kwenye udongo, isimwagwe juu ya majani ya mboga zinazoliwa mbichi.

Habari ya bomba

Tunaomba msamaha kwa kurudia jambo ambalo wengi wanalijua. Msimu huo huo wa 2022/23 kamati nyingine ilipulizia busta kwenye maharage kwa bomba lililotumika wiki iliyotangulia kuua magugu kwenye mahindi. Bomba lilisuuzwa mara moja kwa maji. Ndani ya siku chache majani ya maharage yalijikunja na mashina yakajipinda, na robo ekari ikapotea. Watu wakasema busta ni sumu. Haikuwa busta, ilikuwa mabaki ya dawa ya magugu ya aina ya 2,4-D, ambayo maharage na nyanya haviwezi kuistahimili hata ikiwa kidogo sana. Kila usharika unaotaka kupulizia mbolea ununue bomba lake, uliandike kwa rangi, na lisiazimwe, hata kwa mchungaji.

Pulizia asubuhi mapema au jioni. Usichanganye na dawa ya wadudu kabla ya kujaribu kwenye chupa ndogo na kuona kama vinagandamana. Na kabla ya yote pima bomba kwa maji matupu: tembea hatua zako za kawaida katika eneo lililopimwa, uone maji yamekwenda kiasi gani. Bila kipimo hicho, maneno ya lebo "kwa ekari" hayana maana.

Kuhusu kununua: mbolea yoyote inayouzwa nchini, ya mfuko au ya chupa, inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Chupa isiyoonyesha asilimia za virutubisho isinunuliwe kwa fedha za usharika. Inayoonyesha, fanyeni hesabu: asilimia 8 ya nitrojeni ni takriban gramu 80 kwa lita. Linganisheni bei kwa kilo ya nitrojeni, msilinganishe chupa na mfuko. Tangu sasa ofisi yetu haitaidhinisha badiliko lolote la pembejeo bila karatasi yenye hesabu hiyo, na karatasi hiyo itasainiwa na sisi pia.

Tulichowaomba marafiki zetu

Tumewaandikia ndugu zetu walioahidi tangi na mashine, tukawashukuru kwa moyo wao, na tukawaomba mchango huo uelekezwe kwingine: kupima udongo wa mashamba ya sharika, kununua chokaa mahali itakapohitajika, na mipira ya matone kwa vikundi vya vinyungu. Haikuwa barua rahisi kuandika. Tangi hupigwa picha likaonekana. Udongo uliopimwa hauna picha. Tunafurahi kuwaarifu kwamba mwenyekiti wa kamati yao, mkulima mwenyewe, alijibu kwamba hata yeye hununua mbolea baada ya kuona majibu ya udongo, na amekubali.

Kwa hiyo kila kamati yenye shamba inaombwa kuleta sampuli ya udongo. Tembea shambani kwa kupinda kama nyoka, chimba mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, epuka palipokuwa na lundo la samadi, majivu au kichuguu. Changanya kwenye ndoo ya plastiki iliyo safi. Usitumie ndoo ya bati, kwa sababu ina zinki na itadanganya majibu. Chukua nusu kilo, anika kivulini, weka kwenye mfuko safi pamoja na karatasi yenye jina la usharika, ukubwa wa shamba, zao la mwaka jana na mbolea iliyotumika. Shamba lenye sehemu mbili zinazotofautiana, mlimani na bondeni, lilete sampuli mbili.

Sampuli zifike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, ili majibu yarudi kabla ya mvua za Novemba. Wenye mashamba ambayo hayajaandikishwa kwa ajili ya ruzuku waende kwa ofisa kilimo wa kijiji mapema wakati wakisubiri. Usharika ule wenye chekechea ulikwisha kuandikishwa, na sampuli yake ilikuwa ya kwanza kutufikia.